Inveta Inaonyesha 200 na Haipandi: Mota Yako Ni Nzima

"Shikamoo mhandisi. Mimi ni seremala hapa Tabora, maeneo ya Ng'ambo. Mwaka jana nilijenga mwenyewe mashine ya CNC, yaani inayoongozwa na kompyuta, ya kuchonga milango ya mninga na kukata mbao za mizinga ya nyuki ya kisasa. Inaendeshwa na Arduino Uno, ile bodi ndogo ya kompyuta, yenye programu ya GRBL 1.1 inayotafsiri amri za mashine, na juu yake kuna bodi ya CNC. Mota ya kukatia ni ya kilowati 1.5, inapoozwa kwa hewa, na ina inveta yake ya volti 220, kile kifaa kinachobadili masafa ya umeme wa mota. Kwenye mota pameandikwa hezi 400 na mizunguko 24,000 kwa dakika. Nikiandika amri ya kasi, iwe S8000, S12000 au S24000, inveta inaonyesha 200 tu, haipandi wala haishuki. Siku moja nilikosea nikaandika S500, ikaonyesha 100. Tena mhimili wa X ukikimbia, ile 200 inacheza, inashuka hadi 187 hivi. Mota naiwasha kwa kubonyeza RUN kwenye inveta, na kazi ikiisha programu inatuma M5, amri ya kuzima mota, inasimama. Fundi mmoja amesema mota imeungua nusu, mwingine amesema inveta ni feki, nitafute kubwa zaidi. Mninga unaungua pembeni mwa kisu. Natumia kisu cha milimita 6 chenye makali mawili, mwendo milimita 800 kwa dakika. Nadhani unaungua kwa sababu sipati kasi kamili. Nifanye nini kabla sijatumia pesa tena?"

Marahaba, ndugu yangu, na hongera kwa kazi. Mtu aliyejenga mashine yake mwenyewe, kisha akaandika namba alizoziona kwenye kioo badala ya kusema tu kwamba "haifanyi kazi vizuri", amekwisha kunirahisishia nusu ya uchunguzi. Nimekuelewa hivi: kasi ya mota haitii namba ya S, haivuki nusu ya uwezo wake, inayumba mashine ikitembea, na wewe unaona kwamba kukosekana kwa kasi hiyo ndiko kunakouchoma mninga wako. Wameshakushauri ununue mota, wameshakushauri ununue inveta. Usinunue chochote kwanza. Kwa maelezo uliyonipa, mota yako ni nzima, inveta yako karibu hakika ni nzima, na ushahidi mkubwa kuliko wote ni ile S500 uliyoiandika kwa bahati mbaya.

Nianze na hili la mota kuungua nusu, maana linasemwa sana na huwatia watu hasara. Mota ya aina hii ina koili za fezi tatu, na koili moja ikiharibika, mota haitulii kwenye nusu ya kasi kama gari lililowekwa gia ndogo. Huanza kunguruma, hutetemeka, hupata moto upesi, hula ampia nyingi, na mara nyingi inveta yenyewe huizima kwa kuonyesha kosa. Kasi ya mota hii huamuliwa na masafa ya umeme inayopewa. Kwa mota yako, mizunguko kwa dakika ni hezi mara 60: hezi 400 ni mizunguko 24,000, hezi 200 ni mizunguko 12,000. Kioo kikionyesha 200 kwa utulivu na mota ikazunguka bila kulalamika, mota imefanya kile hasa ilichoambiwa na inveta. Sasa tuulize ni nani aliyeiambia inveta 200.

Fuatilia safari ya amri yako. Unapoandika S12000, Arduino haina njia ya kutoa "mizunguko 12,000". Inachoweza kufanya ni kuwasha na kuzima volti 5 kwenye pini yake namba 11, kwa GRBL 1.1 takriban mara 1,000 kila sekunde, na kubadili muda wa kuwaka ukilinganisha na muda wa kuzima. Hiyo ndiyo PWM. Ichukulie kama mtu anayefungua na kufunga koki ya bomba haraka sana: akiiacha wazi nusu ya muda, ndoo inajaa kwa nusu ya mwendo, ingawa kila anapofungua maji hutoka kwa nguvu zote. Pini ikiwaka nusu ya muda, wastani wake ni volti 2.5; ikiwaka muda wote, ni volti 5. Inveta husoma wastani huo kwenye tundu lake la kupokea kasi na kuugeuza kuwa hezi. Na hapo ndipo tatizo lilipo, kwa sababu inveta nyingi za mota hizi hutoka kiwandani zikiwa zimepangwa kusoma volti 0 hadi 10, ambapo volti 10 ndiyo hezi 400. Arduino haina volti 10 za kutoa. Ikijitahidi kadiri ya uwezo wake wote, hutoa 5, na inveta inasoma 5 kati ya 10, yaani nusu, yaani hezi 200.

Basi ukuta wa 200 tumeupatia sababu. Lakini kwa nini S8000 nayo itoe 200, wakati ingepasa kuwa chini ya hapo? Hili ni kosa la pili lililokaa juu ya la kwanza, na ndilo lililowapoteza mafundi wako. Ndani ya GRBL kuna mpangilio unaoitwa $30, unaoiambia bodi namba gani ya S ndiyo kasi ya juu kabisa. Mpangilio huo huja ukiwa 1000. Kwa hiyo kwa Arduino yako, S1000 tayari ni mwisho, na kila namba inayozidi hapo, iwe 8,000 au 24,000, inahesabiwa kuwa mwisho uleule. Sasa itazame tena S500 yako: ni nusu ya 1,000, hivyo pini ikatoa wastani wa volti 2.5, inveta ikasoma robo ya volti 10, na robo ya hezi 400 ni 100. Ndiyo namba uliyoiona. Kosa lako la kidole limethibitisha hesabu yote kwa mara moja, nami sikuhitaji kufika Tabora kuliona.

Hata hivyo sitaki uniamini kwa maneno tu, kwa sababu kipimo kinachotenganisha inveta na Arduino kinagharimu betri moja ya volti 9, ile ya boksi. Zima umeme wote na usubiri dakika 10 baada ya kioo kuzimika; sababu nitaieleza huko chini. Toa kisu, koleti (kibanio cha kisu) na nati yake kwenye mota. Tafuta kwenye kijitabu cha inveta tundu la kupokea kasi, ambalo mara nyingi huandikwa VI au AVI, na tundu la pamoja la mawimbi, ambalo mara nyingi huandikwa ACM au GND. Toa nyaya za Arduino kwenye matundu hayo mawili na uziweke kando. Funga nyaya mbili zenye ala nzima: chanya ya betri kwenye VI, hasi kwenye ACM, uzibane vizuri, kisha usiziguse tena baada ya umeme kuwashwa. Washa inveta na ubonyeze RUN. Ikiwa betri ina volti 9 kamili, namba itapanda polepole hadi karibu 360, na mota italia kwa sauti ambayo hujawahi kuisikia katika karakana yako, kwa sababu hiyo ni mizunguko 21,600. Betri mpya huweza kuwa na volti 9.4, na hapo utaona karibu 376. Ukiona hivyo, suala la inveta feki na mota iliyoungua limekwisha. Namba ikibaki chini ingawa multimita inasoma volti 9 kwenye betri, ndipo tutakapoanza kuutilia shaka mpangilio wa inveta.

Kabla ya jaribio hilo, fungua orodha ya mipangilio ya inveta na utazame masafa ya msingi ya mota. Kwa mota yako yanapaswa kuwa hezi 400, sawa na masafa ya juu. Zipo inveta zinazouzwa zikiwa na msingi wa hezi 50, unaofaa mota za pampu na mashine za kusaga. Ukiachwa hivyo, mota ya hezi 400 hupewa volti nyingi mno katika masafa madogo, na hiyo ndiyo njia ya haraka ya kuunguza koili kweli. Namba za mipangilio hutofautiana kati ya inveta na inveta, kwa hiyo fuata kijitabu chako wala usinakili namba za mtu mwenye inveta nyingine.

Inveta ikishapita mtihani, rudi kwenye Arduino. Katika programu unayotumia kutuma kazi, andika $$ na usome orodha. Andika $30=24000. Hakikisha $32 ni 0, kwa sababu 1 ni hali ya leza, na katika hali hiyo mota inaweza kubadili kasi kila mashine inapopunguza mwendo. Kuhusu $31, ambayo ni kasi ya chini, nakushauri uiache 0. Watu wengi huandika 8000 hapo wakidhani wanailinda mota, kumbe GRBL huanza kuhesabu volti kuanzia namba hiyo: S8000 inakuwa karibu volti 0, na mota haizunguki kabisa. Kiwango cha chini kiweke kwenye inveta yenyewe. Baada ya hapo toa amri ya M3 S12000 (M3 ndiyo ya kuwasha mota) huku waya wa kwenda kwenye inveta ukiwa umetolewa, na upime pini 11 dhidi ya GND kwa multimita iliyowekwa kwenye volti za DC. Unatarajia karibu volti 2.5. Kwa S24000, karibu volti 5. Ikiwa waya wako umefungwa palipoandikwa SpnEn, hutapata volti zinazofuata namba ya S, kwani bodi nyingi za juu zilichorwa kabla GRBL haijabadilisha pini. Kwa GRBL 1.1 mawimbi ya kasi hutoka kwenye pini 11, ambayo bodi hizo huiandika Z, na swichi ya mwisho wa mhimili wa Z imehamia pini 12. Wewe bila shaka ulishalipita hilo, kwa sababu kasi yako ilitii S500, lakini nimelitaja kwa ajili ya wengine wanaosoma.

Sasa tuuvunje ukuta wa 200. Njia ya kwanza haina gharama: baadhi ya inveta zina mpangilio, au kijiti kidogo cha kuhamisha karibu na matundu ya mawimbi, kinachobadili usomaji kutoka volti 0–10 kwenda volti 0–5. Ukiwa nacho, S24000 itakupa hezi 400 bila kununua kitu. Udhaifu wake ni kwamba kila mchezo mdogo wa zile volti 5 utaonekana mara mbili kwenye kasi. Njia ya pili ni moduli ndogo inayopokea PWM ya volti 5 na kutoa volti 0 hadi 10. Moduli hiyo inahitaji umeme wake yenyewe wa DC, mara nyingi kati ya volti 12 na 30, kwa hiyo kama mota zako za hatua, zile zinazosogeza mihimili, zinatumia volti 36, usiuchukue huko. Hakikisha moduli inakubali mapigo 1,000 kwa sekunde, kisha uirekebishe kabla ya kuifunga kwenye inveta: toa amri ya S24000, weka multimita kwenye tundu la kutokea, na ugeuze skurubu yake ndogo taratibu hadi usome volti 10. Mimi ningechagua hii. Ipo pia njia ya kuwasiliana na inveta kwa namba moja kwa moja kupitia waya wa RS485, ambayo ni bora kuliko zote kwa usahihi, lakini GRBL ya kawaida kwenye Arduino Uno haiijui, na ingekubidi ubadili bodi. Kwa milango na mizinga, sioni sababu ya kuingia gharama hiyo.

Nikuambie pia jambo ambalo wauzaji wa moduli hawalisemi: unaweza kuishi vizuri bila yoyote kati ya hizo. Seremala anayechonga mlango mmoja kwa kisu kimoja habadilishi kasi katikati ya kazi. Ukiiweka inveta ifuate kitufe chake cha kuzungusha, ukapanga hezi 200 au 250 kwa mkono kabla ya kuanza, mninga hautajua tofauti. Kuendesha kasi kutoka kwenye programu kuna faida pale unapobadili visu mara kwa mara, au pale unapotaka kijana wako aendeshe kazi bila kugusa inveta.

Kuhusu ile 200 inayocheza hadi 187, hesabu itatusaidia tena. Ikiwa volti 10 ni hezi 400, basi hezi 1 ni volti 0.025 tu. Kushuka kwa hezi 13 ni kushuka kwa kama theluthi ya volti. Hii ni karibu kabisa na kinachotokea pale Arduino inapolishwa na tundu la USB la kompyuta kupitia kebo ndefu na nyembamba: volti 5 hushuka hadi 4.7 kila inapolemewa, na volti 4.7 kwa inveta yako ni hezi 188. Weka multimita kati ya pini ya 5V na GND, uamuru mhimili wa X ukimbie huku na huku, na utazame. Ikishuka sambamba na kasi, badili kebo ya USB iwe fupi na nzito, na hakikisha mkondo wa mota za hatua haurudi kupitia waya uleule mwembamba unaorudisha mawimbi ya kasi. Moduli nyingi zenye optokapla, kijenzi kinachopitisha mawimbi kwa mwanga, huliondoa tatizo hili zenyewe, kwa sababu husoma uwiano wa kuwaka na kuzima, si urefu wa volti.

Volti 5 zikibaki imara lakini namba bado inacheza, mhalifu ni kelele ya umeme. Inveta hukatakata umeme wenye volti zaidi ya 300 maelfu ya mara kwa sekunde, na waya unaokwenda kwenye mota hutangaza kelele hiyo kama antena. Waya wa mota uwe wenye koti la nyaya za kusuka, koti lifungwe kwenye ethi, na waya mwembamba wa mawimbi ya kasi upite njia yake, nao uwe na koti lililofungwa kwenye ethi upande mmoja tu. Zikilazimika kukutana, zipishane kama njia panda, zisitembee bega kwa bega ndani ya bomba moja.

Hapa nataka unisome kwa makini kuliko sehemu nyingine yoyote. Uliandika kwamba mota unaiwasha kwa RUN, na kwamba M5 inaisimamisha. Siku ya kazi inayofuata, M5 ikishatumwa na mota ikatulia, tazama taa ya RUN kwenye inveta. Itakuwa bado inawaka. M5 imeshusha tu wimbi la kasi hadi volti 0. Haijaiambia inveta iache kuendesha. Mota yako imesimama kwa sababu imeambiwa izunguke kwa kasi ya sifuri, na iko tayari kuondoka mara tu volti itakapopanda, iwe kwa amri yako, kwa kelele, kwa waya wa GND uliolegea, au kwa bodi inayojianzisha upya pale mtu anapochomeka USB. Mikono yako wakati huo iko wapi? Iko kwenye nati ya koleti, na spana mbili. Nilishaona huku Kigoma spana ikirushwa kutoka kwenye mota ya namna hii na kuacha alama kwenye ukuta upande wa pili wa karakana. Kijana aliyekuwa ameishika alibaki na kidole kilichovunjika, na kila aliyekuwapo alisema kwamba huo ulikuwa msaada wa Mungu.

Kwa hiyo, kuanzia leo, kabla hujabadili kisu, kata umeme wa inveta kwa swichi kubwa iliyo karibu na mkono wako, na usubiri kioo kizimike kabisa. STOP peke yake haitoshi, na M5 peke yake haitoshi. Baadaye unaweza kuiweka inveta ipokee amri ya kuwaka kutoka kwenye tundu lake la FOR kupitia rilei, yaani swichi ya umeme, inayoendeshwa na Arduino. GRBL 1.1 inaweza kuundwa upya ili pini 13 iwe ya kuwasha na kuzima mota, lakini ujue kwamba pini hiyo ndiyo yenye taa ya Arduino, na hupepesa bodi inapoanza. Rilei nayo itapepesa pamoja nayo. Ndiyo maana hata ukifika huko, swichi ya mkono na kitufe chekundu cha dharura vinabaki pale pale. Tena GRBL haisubiri mota ifikie kasi. Baada ya M3 weka G4 P8, nayo itangoja sekunde 8 kabla kisu hakijagusa mbao.

Tuje kwenye mninga wako, na hapa itanilazimu nipingane nawe. Kasi kamili haitaacha kuuchoma; itauchoma zaidi. Piga hesabu. Kisu chenye makali mawili kwa mizunguko 12,000 huuma mbao mara 24,000 kwa dakika. Ukikisogeza milimita 800 kwa muda huo, kila ukali unachukua milimita 0.033, ambayo haifiki unene wa unywele. Kwenye mizunguko 24,000 ingekuwa 0.017. Ukali unaochukua kidogo namna hiyo haukati, unasugua, na msuguo ndio moto unaouona pembeni mwa kisu. Chukua kile kinachodondoka chini ya mashine na ukisugue kati ya vidole. Kikiwa unga laini kama wa muhogo, unasugua. Ukipata maranda madogo unayoweza kuyaona moja moja, unakata, na maranda hayo yanaondoka na joto.

Kwa kisu cha milimita 6 kwenye mbao ngumu, ningelenga karibu milimita 0.08 kwa kila ukali. Ukibaki kwenye mizunguko 12,000, hiyo ni mwendo wa milimita 1,900 kwa dakika. Ikiwa fremu yako inatikisika kwa mwendo huo, jambo ambalo kwa mashine ya kujenga nyumbani si aibu, shusha mota hadi 9,000 na uende milimita 1,400, ukichukua kina cha milimita 2 kwa kila pitio badala ya kuzama kwa pupa. Usishuke chini ya 8,000 kwa kazi ndefu, kwa sababu feni inayopooza mota yako imefungwa kwenye mhimili wake uleule, hivyo ikizunguka polepole nayo inapuliza polepole. Na nguvu ya mota hupungua pamoja na kasi, kiasi kwamba kwenye 12,000 ile kilowati 1.5 imebaki karibu nusu. Na ukague kisu chenyewe. Kisu kilichokwisha makali huchoma kwa kasi yoyote, na kisu kilichokwisha kuungua mara moja mara nyingi ndicho kinachoendelea kuchoma. Kwa hiyo faida kubwa ya kuitawala kasi, kwa kazi zako, ni uwezo wa kuishusha, na hilo ungeweza kulifanya tangu siku ya kwanza.

Neno fupi juu ya umeme. Inveta ikizima jioni na kuonyesha kosa la umeme mdogo, pima volti kwenye matundu yake ya kuingilia wakati mota inakata, si wakati imepumzika. Volti 230 zikiwa zimeshuka hadi 180, kwanza shuku waya wa upanuzi mrefu na mwembamba ulioutoa nyumba kubwa kwenda karakana, kabla hujamlaumu mtu mwingine.

Na ule muda wa kusubiri nilioutaja: ndani ya inveta kuna kapasita, vijenzi vinavyotunza umeme, zinazobaki na volti 325 za DC hata baada ya kuchomoa plagi. Ngoja dakika 10 baada ya kioo kuzimika, kisha upime kabla ya kugusa. Usitoe wala kufunga waya wa mota wakati inveta inafanya kazi, na usiunganishe kamwe umeme wa ukutani kwenye matundu ya U, V, W, yale yanayokwenda kwenye mota.

Yapo mambo ambayo sitaki uyamalize kwa maandishi yangu. Ukigusa fremu ya mashine ukahisi hata mtekenyo mdogo, kama swichi ya kinga inajizima kila ukiwasha inveta, au kama hujui ethi ya karakana yako imefungwa wapi, acha kazi na umwite fundi mwenye leseni ya EWURA aje na kipimo cha ethi. Kwa udongo wa Tabora ulivyo mkavu ifikapo Septemba na Oktoba, chuma kilichozikwa wakati wa masika huweza kuwa hakishiki ardhi vizuri, na jicho halilioni hilo. Vilevile, kama baada ya jaribio la betri mota inanguruma, inanuka, au mhimili wake unakwaruza ukiuzungusha kwa mkono umeme ukiwa umezimwa, ipelekee watu wenye kipimo cha insulesheni. Waalimu wa umeme wa VETA hapo Tabora ni mahali pazuri pa kuanzia. Nenda na kijitabu cha inveta na karatasi uliyoandika volti ulizopima kwenye pini 11, kwenye VI na kwenye umeme wa kuingia, kila moja pamoja na namba iliyokuwa kwenye kioo wakati huohuo.